Mfungwa alishtaki serikali, kesi "ikatupiliwa mbali": ina maana gani hasa? UZI 🧵

1.
Kama unafuata midahalo ya siasa kwa simu, hii umeisikia. Mmoja anasema, "Watu wanateswa ndani ya magereza." Mwingine anamrudishia, "Kuna mfungwa alishtaki serikali na kesi ikatupiliwa mbali. Wacha porojo." Ukumbi unapiga makofi, mtangazaji anaenda mapumziko, na sisi tunaobaki tunaamini korti ilichunguza ikapata ni uongo.

2.
Leo tufungue hayo maneno mawili tu: kutupiliwa mbali. Kanuni zetu ni zile zile. Hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama, na hatutukanani kwenye majibu. Mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya siasa, si wakili. Nikikosea, nirekebishe, lakini uje na kifungu.

3.
Kwa nini mada hii. Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Timau. Mama mmoja jirani, muuza waru, alikuja na karatasi aliyoikunja mara nne ndani ya leso, akaniomba nimsomee. Kijana wake amefungwa. Akiwa ndani alifungua kesi ya kudai haki zake, akisema alipigwa na akanyimwa matibabu. Karatasi ilisema kesi imefutwa kwa kukosa kuendelezwa. Nikamwambia, mama, imefutwa. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kwa hivyo jaji amesema kijana wangu ni mwongo?"

4.
Nikaisoma tena pole pole. Hakuna mahali kipigo kimetajwa. Hakuna daktari, hakuna shahidi, hakuna askari jela aliyeulizwa swali. Kulikuwa na tarehe tu, na sentensi kwamba mlalamishi hakuchukua hatua yoyote. Nikamwambia, "Hapana, mama. Jaji hajasema ni mwongo. Hajasema pia ni mkweli. Hakufika huko kabisa."

Ukitaka uzi wote kwa ufupi, ni hapo. Lakini kaa, tuuchambue, kwa sababu kuna pande mbili na zote zina hoja.

5.
Kwanza tutenganishe mambo. Kesi inaweza kuisha vibaya kwa mlalamishi kwa njia tatu:

a) Korti imesikiza kila mtu, ikapima ushahidi, ikasema: hujathibitisha.
b) Korti imesema: hata kama yote unayosema ni kweli, hapa si mahali pake, au sheria haikupi dai hilo.
c) Korti imesema: ulifungua kesi ukaiacha ilale, sasa naifunga.

Gazeti litaandika "yatupiliwa mbali" kwa zote tatu. Msemaji wa kwenye mdahalo ataichukua (c) aiuze kama (a). Hapo ndipo tunapigwa.

6.
Hiyo (c) ndiyo kufutwa kwa kukosa kuendelezwa. Na kuna mtego wa lugha hapa. Neno la Kiingereza linalotumika kortini ni lile lile la upande wa mashtaka kwenye kesi za jinai, kwa hivyo wengi hudhani ni serikali iliyoshindwa kuendesha mashtaka. Sivyo. Hii ni kesi ya madai. Mwenye jukumu la kuisukuma ni aliyeifungua. Kwa kesi yetu, ni mfungwa mwenyewe.

7.
Sheria inasemaje? Kanuni za Utaratibu wa Kesi za Madai za 2010, Agizo la 17, zinasema hivi: mwaka mmoja ukipita bila upande wowote kuomba kitu au kuchukua hatua, korti inaweza kutoa notisi ya maandishi. Yaani, njooni mseme kwa nini hii kesi isifutwe. Usipotoa sababu ya kuridhisha, inafutwa. Upande ulioshtakiwa pia unaweza kuomba ifutwe.

Marekebisho ya 2020 yaliongeza makali. Miaka miwili ikipita bila hatua yoyote, kesi inahesabika imefutwa.

8.
Pia kuna Agizo la 12, la kutofika kortini. Kesi ikiitwa siku ya kusikizwa, mlalamishi hayupo, mshtakiwa yupo na hakubali dai lolote, kesi hufutwa isipokuwa korti ione sababu nzuri ya kutoifuta na iiandike.

Shika hilo neno "hayupo". Tutalirudia, kwa sababu kuna watu ambao kufika kortini si uamuzi wao.

9.
Kabla hujakasirika na majaji, sikiza upande wao. Hizi kanuni hazikuwekwa kwa chuki. Korti zimejaa mafaili. Kesi ikikaa miaka sita, shahidi amehama, mwingine amekufa, daktari hakumbuki, rekodi za zahanati zimepotea. Aliyeshtakiwa naye ni binadamu. Hebu fikiria askari jela aliyeshtakiwa kwa jina, hana makosa, na kesi inamning'inia kichwani mwaka baada ya mwaka. Katiba yenyewe, kifungu cha 159, inasema haki isicheleweshwe. Hiyo inamlinda na yeye pia.

10.
Na tuseme ukweli, wapo wanaofungua kesi ili tu wapande gari la jela waone mji. Wapo wanaofungua kwa hasira kisha hasira inaisha. Mtu akikwambia kila kesi ya mfungwa ni takatifu, huyo naye anakuuzia kitu.

Kwa hivyo swali la uzi huu si kama korti iwe na uwezo wa kufuta kesi iliyolala. Lazima iwe nao. Swali ni: imelala, au imelazwa?

11.
Tuchukue mfano wa mpira. Timu isipofika uwanjani, nyingine inapewa ushindi wa mezani. Pointi ni halali. Lakini hakuna mtu mwenye akili atasema ile timu ilicheza vizuri. Haikugusa mpira.

Sasa ongeza jambo moja. Basi la timu yako linaendeshwa na wapinzani wako. Ufunguo wako nao. Wakisema leo gari halina mafuta, hamfiki, na wao wanachukua pointi tatu. Hapo bado utasema mlikataa kucheza?

12.
Hiyo ndiyo hali ya mfungwa anayeishtaki serikali. Anayemfungia mlango ni serikali. Anayempeleka kortini ni serikali. Anayepokea barua zake getini ni serikali. Na anayeshtakiwa, kupitia kwa Mwanasheria Mkuu, ni serikali hiyo hiyo.

Sisemi kuna njama kila mara. Mara nyingi ni uchache wa magari, karatasi iliyokaa kwenye meza isiyo yake, au askari aliyehamishwa. Lakini hasara inaenda upande mmoja tu.

13.
Tufuate safari ya kesi moja ya kufikirika. Tuseme ni kijana wa hapa kwetu Timau, yuko katika gereza la Meru, na amefungua kesi Mahakama Kuu.

Mwezi wa kwanza anaandika kwa mkono, karatasi inaenda. Kufikia hapo Katiba iko upande wake. Kifungu cha 22 kinasema hakuna ada ya kufungua kesi ya kudai haki za msingi, na korti ikubali hata nyaraka zisizo rasmi. Kanuni za 2013, zile tunaziita Kanuni za Mutunga, zinaruhusu hata barua, au maneno ya mdomo ambayo korti itayaandika.

Kuingia ni rahisi, kwa makusudi. Shida ni kubaki ndani ya kesi.

14.
Mwezi wa nne anahamishwa, tuseme Naivasha au Manyani. Uhamisho ni jambo la kawaida, na hakuna anayemuuliza kama ana kesi ya madai Meru. Notisi inayofuata inaenda kwa anwani ya zamani. Inafika getini Meru, inakuta hayupo.

Kortini ile notisi inaonekana imetumwa. Yeye hajaiona. Pande zote mbili zinasema ukweli.

15.
Mwezi wa nane inapangwa tarehe. Mtu wa nje angeangalia kwenye tovuti. Mahakama zilianza kufungua kesi mtandaoni Nairobi mwaka 2020, na kufikia 2024 mfumo huo ukasambazwa nchi nzima. Ni kitu kizuri, mimi naunga mkono. Lakini mfungwa haruhusiwi kuwa na simu ya mkononi.

Na kumbuka: katika kesi ya Fran Investments dhidi ya G4S, mwaka 2015, Mahakama Kuu ilisema notisi ya kufuta kesi inaweza kutolewa kupitia tovuti ya Mahakama au orodha ya kesi za siku. Kwa kampuni mbili zenye mawakili Nairobi, hiyo ni sawa kabisa. Ukiichukua kanuni hiyo vile ilivyo ukamwekea mtu aliye seli, umemwandikia ujumbe kwenye ukuta ambao hawezi kuufikia.

16.
Siku ya kesi inafika. Ili mfungwa afike kortini, kwa kawaida korti hutoa amri kwa mkuu wa gereza amlete. Kama amri haikuombwa, au iliombwa ikachelewa, au ilifika gari likiwa limebeba wa kesi za jinai, basi jina lake linaitwa na kimya kinajibu. Wakili wa serikali yuko. Mlalamishi "hayupo".

Faili inaandikwa: mlalamishi amekosa nia ya kuendeleza kesi yake. Nia! Kwa mtu ambaye asubuhi hiyo huenda alikuwa ameamka na kupanga karatasi zake kwenye mfuko wa plastiki akingoja kuitwa.

17.
Basi kuna kinga gani? Zipo. Ya kwanza ni kesi ya Ivita dhidi ya Kyumbu ya 1984, ambayo majaji wetu bado wanaitumia. Inauliza maswali mawili. Je, kuchelewa ni kwa muda mrefu na hakuna udhuru? Na kama ndivyo, je, haki bado inaweza kutendeka licha ya kuchelewa? Kwa hivyo kuhesabu miezi peke yake hakutoshi. Jaji anafaa aulize sababu.

Ya pili ni kifungu cha 22 tena. Korti isibanwe kupita kiasi na ufundi wa taratibu kwenye kesi za haki za msingi. Kifungu cha 159 kinarudia wazo hilo kwa kesi zote.

18.
Ya tatu ndiyo watu husahau kwenye midahalo: kifungu cha 51. Mtu aliyezuiliwa au kufungwa anabaki na haki zake zote, isipokuwa zile ambazo haziwezekani kwa sababu ya kufungwa kwenyewe. Haki ya kutembea mjini imeenda. Haki ya kutopigwa haijaenda. Haki ya kutoteswa, kwa kifungu cha 25, haiwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote ile.

Kwa hivyo yule anayeuliza "mfungwa ana haki gani?" jibu lake liko kwenye Katiba tuliyoipigia kura sisi wenyewe 2010. Na usisahau, wengi walio ndani ni mahabusu. Hawajapatikana na hatia yoyote bado.

19.
Mtu atasema, si afungue kesi nyingine tu? Hapa ndipo mambo yanakuwa makali.

Mosi, chini ya Agizo la 12, ukifutiwa kwa kutofika huku mshtakiwa akiwepo, huwezi kufungua kesi mpya kwa dai lile lile. Unaweza tu kuomba ile ya kwanza irejeshwe.

Pili, Mahakama ya Rufaa ikiwa Nyeri mwaka 2016 ilisema kufutwa kwa kukosa kuendelezwa kunahesabika kama hukumu, hivyo kesi ile ile hairudi kwa jina jipya.

Tatu, dai la kawaida la kujeruhiwa na maafisa wa serikali lina miezi 12 tu kisheria. Kesi iliyolala miaka miwili ikifutwa, dirisha hilo lilishafungwa zamani.

20.
Kwa hivyo mlango unaobaki kwa kawaida ni mmoja: kuomba irejeshwe, haraka, ukieleza sababu. Na sababu iwe na ushahidi. "Nilikuwa jela" haitoshi, korti inajua ulikuwa jela. "Nilihamishwa tarehe fulani, notisi ilitumwa kule, hii hapa barua ya gereza kuthibitisha" inatosha zaidi.

Sasa jiulize nani ana hiyo barua ya kuthibitisha. Gereza. Tumerudi kwa mwenye basi.

21.
Kesi za wafungwa zikisukumwa hadi mwisho, nini hutokea? Tuangalie zilizofika.

Mwaka 2010 watu wa Kituo cha Sheria walienda kortini kutetea wafungwa kupiga kura kwenye kura ya maamuzi. Walishinda Juni, na Agosti 4 wafungwa wakapiga kura.

Desemba 2010, mfungwa mmoja aliyezaliwa na maumbile ya jinsia mbili, anayejulikana kwenye rekodi kama R.M., alipewa fidia ya shilingi 500,000. Korti ilikataa madai yake mengi, lakini ikakubali kwamba alivyotendewa Kamiti kulikuwa kumdhalilisha. Kesi ilikuwa ya 2007.

22.
Desemba 2017, Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya Francis Muruatetu kwamba hukumu ya kifo ya lazima inakiuka Katiba. Uamuzi huo uliotoka kwa maombi ya wafungwa wawili uligusa watu wengi sana.

Na jirani zetu Uganda, Susan Kigula na wenzake 417 waliokuwa wanangoja kunyongwa waliishtaki serikali. Mahakama ya Katiba ikaamua 2005, Mahakama ya Juu ikathibitisha Januari 2009: hukumu ya kifo isiwe ya lazima, na mtu asikalishwe kwenye foleni ya kunyongwa zaidi ya miaka mitatu. Kigula mwenyewe alisomea sheria akiwa gerezani, na leo yuko huru.

23.
Angalia hizo kesi zina nini pamoja. Zina watu walio nje wanaolishika faili. Wakili, shirika, mtu anayeweza kwenda masjala, ile mnaita rejistri, Jumatatu na Alhamisi kuuliza limefika wapi.

Yule wa Timau hana. Huenda dai lake ni zito kuliko la R.M., huenda ni hewa tupu. Hatutajua. Hilo ndilo linaloniuma kwa hii (c): inafunga mdomo wa mkweli na kumwokoa mwongo asijulikane, kwa muhuri ule ule.

24.
Na kwa watu wa Meru hili si jambo la mbali. Mwaka 2004 wafungwa watano walikufa ndani ya gereza la Meru, na mjadala wa msongamano ukawaka. Tulijua kwa sababu walikufa watano kwa mpigo, ikawa habari. Anayeumizwa peke yake, akapona nusu, njia yake ya kutuambia ni hiyo kesi anayoandika kwa mkono. Ikizimika, hata sisi wa nje tumezimiwa taa.

25.
Wengine wanafanyaje? Marekani wana shida hii hii kwa wingi. Huko wafungwa hushtaki maafisa kwa sheria ya haki za raia ya tangu 1871, na kesi nyingi hufutwa kwa kutoendelezwa, mara nyingi kwa sababu mfungwa alihamishwa na hakuijulisha korti anwani mpya. Mwaka 1996 bunge lao liliweka vikwazo zaidi kupunguza kesi za wafungwa.

Lakini kuna jambo moja walilolipata sawa. Mwaka 1988, katika kesi ya Houston dhidi ya Lack, Mahakama yao ya Juu ilisema notisi ya rufaa ya mfungwa asiye na wakili inahesabika imewasilishwa siku alipoikabidhi kwa maafisa wa gereza. Baada ya hapo ikichelewa, si kosa lake.

26.
Sisi tuna kitu cha aina hiyo, lakini kwa rufaa za jinai. Sheria ya Utaratibu wa Jinai, kifungu cha 351, inamruhusu mfungwa kumpa mkuu wa gereza karatasi za rufaa, naye ana wajibu wa kuzipeleka kortini. Wazo hilo lipo tayari kwenye sheria zetu. Swali la mdahalo, ambalo sijasikia likiulizwa hata mara moja, ni: kwa nini ulinzi kama huo usiandikwe wazi kwa kesi za haki pia?

27.
Maoni yangu sasa, unaweza kuyapinga. Kabla ya kufuta kesi ya mtu aliye kizuizini, faili iwe na vitu vitatu:

• Sahihi au alama ya kidole ya mfungwa kuthibitisha amepokea notisi, mkononi, sio getini.
• Amri ya kumleta, au nafasi ya kusikizwa kwa video. Magereza yalianza kuunganishwa na korti kwa video wakati wa korona, kwa hivyo tusiambiwe haiwezekani.
• Sentensi moja ya jaji: nimeuliza kwa nini hajachukua hatua, na jibu ni hili.

Vikiwepo vyote vitatu na bado amenyamaza, futa. Sitalia. Huyo kweli ameacha kesi yake.

28.
Kama una mtu ndani mwenye kesi ya madai, haya ni ya kufanya leo:

• Pata nambari ya kesi. Bila nambari, masjala hawatakusaidia.
• Akihamishwa, iandikie korti barua siku hiyo hiyo, taja nambari na gereza jipya. Baki na nakala iliyopigwa muhuri.
• Kifungu cha 22 kinaruhusu mtu kufungua kesi ya haki kwa niaba ya asiyeweza kujitokeza mwenyewe. Si lazima uwe wakili.
• Uliza Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Magereza kadhaa pia yana wafungwa waliofunzwa kusaidia wenzao kisheria.
• Mwaka usipite bila hatua. Hata barua ya kuomba tarehe ni hatua ya kuonyesha kwamba hujalala.

29.
Na kwa sisi wafuasi wa siasa, mtu akisimama jukwaani aseme "kesi ilitupiliwa mbali", muulize haya manne kabla ya kupiga makofi:

1) Ilifutwa baada ya kusikizwa, au kabla?
2) Mlalamishi alipewa notisi, na ilimfikia wapi?
3) Aliletwa kortini siku hiyo?
4) Aliomba irejeshwe, na alijibiwa nini?

Na upande wa pili nao, akisema "korti zimenunuliwa", muulize hayo hayo manne. Mara nyingi hakuna aliyenunua mtu. Gari halikuenda tu.

30.
Yule mama? Tulipanda matatu pamoja, tukaenda masjala tukiwa na nambari ya kesi. Tukapata notisi ilitumwa kwa gereza ambalo kijana alikuwa ametolewa miezi mitano kabla. Ombi la kuirejesha limeingia, tunangoja tarehe. Inaweza kukataliwa. Inaweza kurudi na kijana akashindwa kwa ushahidi. Mama anajua yote mawili, nilimwambia wazi.

Tukirudi, tulipofika Subuiga, akaniambia, "Akishindwa akiwa amesikizwa, nitanyamaza."

31.
Ni hayo tu. Wiki ijayo: "Bajeti imepitishwa" na "pesa zimetolewa" si kitu kimoja, na kwa nini kaunti hulia kila mwezi. Kama una swali kuhusu huu uzi, weka hapa chini. Kama wewe ni wakili na nimekosea Agizo au kifungu, tafadhali nirekebishe hadharani, wengine pia wajifunze.